Hawajafungwa, lakini ni wa tano: maana ya viwango katika futiboli ya vyuo Marekani

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, wachezaji wa chuo kikuu cha Florida State walikaa mbele ya televisheni wakisubiri kutajwa. Walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda zote 13, na usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wametwaa ubingwa wa konferensi yao, ACC, yaani kundi la vyuo vinavyocheza pamoja kama ligi ndogo. Nafasi za kuwania ubingwa wa taifa zilikuwa nne. Zikatajwa Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas na Alabama kila moja ilikuwa imepoteza mechi moja. Florida State, isiyopoteza hata moja, ikawekwa ya tano.

Kwa aliyekua akisoma msimamo wa ligi gazetini, jambo hili haliingii akilini. Kwenye soka ushindi una pointi 3 na sare pointi 1, na mwisho wa msimu jedwali ndilo linaloamua. Hakuna mtu anayekaa kikao kuulizana kama aliyeongoza kweli anastahili. Ndiyo maana watu wengi wanaokutana na futiboli ya vyuo kwa mara ya kwanza, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, hudhani kile kinachoitwa "kiwango" ni msimamo kwa jina lingine. Sivyo. Msimamo huhesabiwa. Kiwango hupigiwa kura.

Sababu yake ni idadi. Daraja la juu la mchezo huu lina timu zaidi ya 130, na kila timu hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi. Ni mchezo wa kugongana miili, na hakuna atakayeweza kuucheza mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo timu nyingi hazikutani kabisa mwaka mzima. Mbili zinaweza kumaliza na ushindi 11 kila moja bila hata kuwa na mpinzani mmoja waliyekutana naye wote, moja ikiwa imepita kwenye moto na nyingine ikiwa imepishana na vibonde. Lazima mtu aamue ushindi wa nani ni mzito zaidi, na uzito huo wenyewe wanauita ugumu wa ratiba.

Waamuzi wa kwanza walikuwa waandishi wa habari. Shirika la Associated Press limekuwa likitoa orodha yake tangu 1936. Leo waandishi na watangazaji wapatao 60 kila mmoja hupanga timu 25: ya kwanza hupata pointi 25, ya pili 24, hadi ya mwisho pointi 1, kisha pointi zote zinajumlishwa. Makocha nao wana kura yao tangu 1950. Kwa miongo mingi kura hizo ndizo zilizomtaja bingwa, na ziliweza kugongana. Mwaka 1997 waandishi walisema Michigan, makocha wakasema Nebraska. Mabingwa wawili kwa msimu mmoja, na hakuna mechi iliyochezwa kuwatenganisha.

Tangu msimu wa 2014 neno la mwisho ni la kamati ya watu 13. Wengi wao ni wakuu wa michezo wa vyuo, makocha wa zamani na wachezaji wa zamani. Hukutana Grapevine, Texas, na kuanzia Novemba hutangaza orodha yao kila wiki. Chuo cha mjumbe kikijadiliwa, mjumbe huyo hutoka nje ya chumba. Orodha ya waandishi bado inasomwa na kushangiliwa, lakini haimwingizi mtu kwenye mtoano. Ukisikia timu ni "namba 6", uliza kwanza: namba 6 ya nani?

Florida State waliangushwa na swali ambalo kamati iliamua kulijibu. Wiki mbili kabla ya uteuzi, mrushaji wao mkuu wa mpira, Jordan Travis, alikuwa ameumia mguu vibaya. Kamati ikawatazama kama timu iliyobaki bila yeye, si kama timu iliyoshinda mechi 13. Baadaye walipigwa 63 kwa 3 na Georgia kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu iliyokuwa nje ya mbio za ubingwa, na wako wanaosema hapo ndipo kamati ilipothibitishwa. Mimi sikubali. Siku hiyo wachezaji wao wengi wa kutegemewa walikuwa wameshajiondoa, na kijana aliyefanya kila alichoombwa kwa miezi mitatu hakustahili kuambiwa kwamba hakikutosha.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na kiwango: nafasi ya timu kuchukua ubingwa. Kiwango hutazama nyuma, kwenye yaliyokwisha kufanyika. Nafasi ya ubingwa hutazama mbele, na yenyewe ni hesabu ya kuzidisha. Chukua timu nzuri sana, yenye uwezo wa kushinda mara 7 katika kila mechi 10 dhidi ya wakubwa wenzake. Ikitakiwa kushinda mechi tatu mfululizo, nafasi yake ni asilimia 34 hivi. Ongeza mechi ya nne, inashuka hadi 24. Timu bora kuliko zote bado ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokuwa bingwa, na hilo si dharau kwake. Zile asilimia zinazotolewa na kompyuta hupatikana hivyohivyo: mechi zilizobaki huchezwa kwa hesabu maelfu ya mara, kisha huhesabiwa ni mara ngapi kila timu ilibeba kombe.

Mwaka 2024 mtoano ulipanuliwa kutoka timu 4 hadi 12. Mabingwa watano wa konferensi wenye viwango vya juu walihakikishiwa kuingia, na wanne wa juu kati yao wakaruka raundi ya kwanza. Ohio State ilikuwa ya 6 kwa kamati, lakini kwa kuwa haikuwa bingwa wa konferensi ikapangwa ya 8 kwenye mtoano. Wiki chache kabla ilikuwa imefungwa nyumbani na mahasimu wake Michigan, 13 kwa 10, na kwa mashabiki wengi wa Ohio msimu ulikufa siku ile.

Chini ya utaratibu wa zamani ungekuwa umekufa kweli. Safari hii wakaipiga Tennessee 42 kwa 17, Oregon iliyokuwa namba moja 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, na usiku wa tarehe 20 Januari 2025 mjini Atlanta wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23. Zile timu nne zilizoruka raundi ya kwanza, Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, zote zilitolewa kwenye mechi yao ya kwanza ya mtoano. Msimu uliofuata kanuni ikabadilishwa: kuruka raundi ya kwanza kukawa haki ya timu nne za juu kwenye orodha ya kamati, ziwe mabingwa wa konferensi au zisiwe.