Je, wajua? Jeeves hakuelewa swali lako, alikuwa amelisikia tayari

Kwa miaka mingi niliwaeleza wenzangu, tena kwa kujiamini, kwamba mitambo mingine ya kutafuta mtandaoni ililinganisha maneno tu, lakini Ask Jeeves ilielewa swali. Ushahidi wangu ulikuwa mmoja. Nilikaa intaneti kafe, nikaandika kwa Kiingereza swali zima la kwa nini anga ni la bluu, pamoja na alama ya kuuliza, na jibu likaja. Nani angebisha?

Ask Jeeves ilianzishwa mwaka 1996 huko Berkeley, California, na Garrett Gruener na David Warthen, ikafunguliwa kwa umma mwaka uliofuata. Ukurasa wake ulikuwa na mchoro wa Jeeves, mtumishi wa Kiingereza aliyevaa suti, kama anayesubiri kuagizwa chai. Ahadi ilikuwa: uliza kama unavyomuuliza mtu.

Na kweli, nyuma ya suti walikuwepo watu. Wahariri walikaa wakiwaza umma ungeuliza nini, wakayaandika maswali hayo, kisha kila swali wakalitafutia wenyewe ukurasa wenye jibu. Programu ilichambua lugha, hilo nisilidharau, ila ilichambua ili ijue swali lako linafanana na lipi kati ya yaliyokwisha kuandikwa.

Mfikirie mtoto aliyelelewa kwenye vitendawili. Ukitega "Nyumba yangu haina mlango", anajibu "Yai!" kabla hujafunga mdomo. Mgeni asiyeujua mchezo atadhani mtoto amepiga hesabu: nyumba, imezibwa pande zote, kwa hiyo yai. Wapi! Alilisikia kwa bibi yake. Ukimbadilishia kidogo, ukasema "Banda langu halina mlango", bado atasema yai, kwa sababu amezoea kusamehe neno moja. Uchambuzi wa lugha wa Jeeves ulikuwa msamaha wa namna hiyo, ingawa wa kitaalamu zaidi. Lakini mtegee kitendawili ulichotunga leo asubuhi, na itabidi akupe mji. Jeeves naye alikuwa na mji wake wa kutoa: matokeo yaliyochukuliwa kwenye mitambo mingine ya kutafuta.

Kuna jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku ile nami sikuliona. Mara nyingi Jeeves hakujibu moja kwa moja. Alikurudishia maswali kadhaa aliyoyajua, mengine yakiwa na orodha ndogo ya kuchagulia, tuseme jina la mji kama umeuliza hali ya hewa, nawe ukabofya lililokaribia lako. Kazi ya mwisho ya kuelewa uliifanya wewe, na sifa akachukua mwenye suti. Halafu mimi nilikuwa nimeuliza kuhusu rangi ya anga, swali ambalo mhariri yeyote angeanza nalo. Nilimtegea yai.

Mpango huo ulikuwa na kikomo, kwa sababu watu hawaishiwi maswali. Google imekuwa ikisema kwamba takribani asilimia 15 ya maulizo inayopokea kila siku haijawahi kuyaona kabla. Wahariri wangapi wangetosha? Mwaka 2001 Ask Jeeves ilinunua Teoma, mtambo uliopanga kurasa kwa hesabu, na mwaka 2006 mtumishi akaondolewa, jina likabaki Ask.

Mitambo ya leo basi inaelewa? Neno hilo nalitumia kwa uangalifu siku hizi. Mwaka 2019 Google ilipoingiza BERT, modeli (programu) ya kuchambua lugha, katika utafutaji, ilitoa mfano wa Mbrazili anayeuliza kama anahitaji viza kwenda Marekani. Kabla ya hapo, neno dogo la Kiingereza lenye maana ya "kwenda" lilipita bila uzito, akaletewa habari za Wamarekani waendao Brazil. Modeli ilikuwa imejifunza kutoka maandishi mengi jinsi maneno yanavyoathiriana ndani ya sentensi.

Kiswahili kina mtego wake. Mambo hayo madogo sisi huyaficha ndani ya kitenzi. "Juma alipigia" na "Juma alipigiwa" vimetenganishwa na herufi moja. Mtambo ukivua viambishi vyote ubaki na mzizi, njia iliyotumika sana kurahisisha utafutaji, vyote viwili vinakuwa "pig" tu, na hujui tena ni nani aliyekatwa salio.