Kasino au karakana? Fuata shilingi inakotoka

Kabla kata au halmashauri yoyote ya Mwanza haijaikubali michezo ya kubahatisha kuwa njia ya ajira badala ya mafunzo ya ufundi, ijiulize: fedha itakayoachwa mezani inatoka mfukoni mwa nani?

Chukua ruleti yenye namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 juu ya kila namba, umetoa 37,000. Namba moja tu itashinda: utalipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yako, jumla 36,000. Kasino imebaki na 1,000, karibu asilimia 2.7, bila kumwibia mtu. Hakuna kilichozalishwa, fedha imehama tu. Ikihama kutoka kwa mgeni, mji umepata mishahara na kodi. Ikitoka kwa mvuvi wa Kirumba, imeondolewa gengeni na kwenye ada ya mtoto.

Singapore ililiona hilo mapema. Kasino zilipofunguliwa mwaka 2010, raia walitozwa kiingilio cha dola 100 za huko, na tangu 2019 ni dola 150, mtalii hatozwi. Atlantic City, Marekani, ilifungua kasino ya kwanza mwaka 1978 ikitegemea wageni wa majimbo jirani. Majimbo hayo yalipofungua kasino zao, wageni wakapungua, na mwaka 2014 pekee kasino 4 zilifungwa. Mashine za dubwi, zile za kamari ya sarafu za mitaani, hazina hata hao wageni.

Mafunzo ya ufundi nayo hupoteza fedha yakianzia darasani badala ya kuanzia kwenye kazi. Vijana 40 wa mtaa mmoja wakifundishwa ushonaji na kuhitimu siku moja, watagombania wateja walewale.

Anzieni mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga. Waulizeni wenye mitumbwi injini ikifa wanakaa siku ngapi bila kuingia ziwani, na fundi wanamtoa wapi. Majibu yatawaonyesha nafasi ya kazi. Gugu maji likiziba tundu la kuvutia maji, injini haipozwi; pampu ya maji huungua kwanza, kisha pistoni hukwama. Kosa jingine ni mchanganyiko wa mafuta. Injini nyingi za mipigo miwili hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Anayekadiria kwa jicho akipunguza oili huua injini; akizidisha, plagi hujaa masizi. Fundi anayezuia hasara hizo analipwa kwa fedha ya sangara, na minofu ya sangara huuzwa nje ya nchi. Shilingi hiyo imeingia Mwanza kutoka mbali.

Kwa hiyo idadi ya wanafunzi ifuate idadi ya injini zinazohitaji matengenezo, na kila mwanagenzi awe na fundi mkuu anayemsimamia kwa vitendo. Aliyejifunzia kazini bila cheti aulizie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi: hupimwa kile anachokijua, hufundishwa kinachopungua, kisha hupewa cheti.

Mhitimu asiye na spana atasahau kazi. Vifaa vipangiwe fedha kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, vijana wana asilimia 4, wanawake 4 na watu wenye ulemavu 2. Kikundi kitakachoomba mkopo huo kianze kujisajili mafunzo yakiendelea, na maombi yaorodheshe kifaa kimoja kimoja na bei yake ya dukani.