Fundi wa mtaani na fundi mwenye leseni: tunayoyaamini Mwanza na ukweli wake

Kumpata fundi Mwanza si kazi. Jirani anakupa namba ya kijana wa Mabatini aliyemtengenezea swichi, na jioni hiyohiyo bodaboda inamshusha getini na begi lake la vifaa. Urahisi huo ni neema kwetu na sitamani upotee. Kinachonisikitisha ni kwamba kijana huyohuyo tunamkabidhi kitasa, bomba la jikoni, nyaya za umeme na ukuta wa mlimani, kana kwamba hatari ni moja. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia mara nyingi.

"Leseni ni karatasi tu, ufundi uko mikononi"

Kwa kupaka rangi, kubadili kitasa au kurudishia vigae vilivyong'oka, naam. Mtazame mikono yake na kazi alizokwisha kufanya, inatosha.

Umeme una sheria yake. Anayefunga umeme wa nyumba Tanzania anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni zenyewe zina madaraja yanayoonyesha ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kuifanya. Ndiyo maana ukiomba kuunganishwa, TANESCO wanataka fomu iliyojazwa na mkandarasi mwenye leseni. Ujanja huanzia hapohapo: asiye na leseni anatandaza nyaya, kisha anatafuta mhuri kwa mtu ambaye hajaingia nyumbani kwako hata mara moja. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama leseni ipo. Soma jina, tazama tarehe ya kuisha, halafu hakikisha mwenye jina hilo ndiye anayefanya kazi au anayeisimamia akiwa pale. Leseni haimgeuzi mtu kuwa hodari, ila nyumba ikishika moto inajulikana nani wa kuulizwa.

"Taa zinawaka, soketi zinafanya kazi, basi umeme uko sawa"

Hii ndiyo dhana inayoniogopesha kuliko zote, na kwa mji wetu wa miamba ina uzito wa pekee.

Taa huwaka hata kama nyumba haina athi kabisa, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kazi ya athi huonekana siku waya wenye moto unapogusa bodi ya friji au pasi. Athi ikiwa nzuri, umeme unakimbilia ardhini, sakiti breka au kifaa cha kukata umeme unaovuja kinaukata, na wewe unabaki na friji mbovu tu. Athi ikiwa ya jina, bodi ya friji inabaki na umeme ikimsubiri atakayeigusa, na mara nyingi huwa mtoto aliyetoka kuoga, yuko peku kwenye sakafu yenye maji.

Sasa tazama Isamilo, Igogo, Kilimahewa na Bugando. Fundi anapigilia nondo ya athi, inagonga jiwe baada ya sentimita chache. Fundi mwenye haraka anaikata, anafukia kipande kilichobaki, anasawazisha udongo. Kwa macho huwezi kujua. Wengine wanamwaga mkaa na chumvi shimoni. Chumvi husaidia kwa muda, kisha mvua zetu zinaiondoa, na kabla haijaisha inakuwa imeanza kuila nondo yenyewe. Wapo pia wanaofunga waya wa athi kwenye bomba la maji, huku mabomba ya siku hizi karibu yote ni ya plastiki, na plastiki haipitishi umeme.

Wengine wanakata tamaa kabisa na kusema kwenye miamba athi haiwezekani. Inawezekana. Jiwe la Mwanza ni granaiti, halipitishi umeme vizuri, hivyo fundi anayejua kazi anatafuta mfuko wa udongo wenye unyevu kati ya mawe, hata kama uko mbali kidogo na ukuta, na anavuta waya wa shaba hadi hapo. Nondo moja isipotosha, anaongeza nyingine, akiziachanisha kwa umbali usiopungua urefu wa nondo na kuziunganisha. Mahali ambapo hakuna kina, anachimba mtaro na kulaza shaba. Baada ya hapo anapima kwa mita ya athi, na kipimo anakiandika. Testa ile ya bisibisi haipimi athi, inakuonyesha waya wenye moto tu. Fundi asiye na mita, hata awe mzoefu vipi, hapo anakisia.

Na tafadhali, usiridhike na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile tunachokiita RCD, ukadhani kinachukua nafasi ya athi. Cha milliampea 30 kinaokoa maisha, nakiombea kila nyumba, lakini vinatakiwa vyote viwili.

Jambo jingine la umeme ni hita ya bafuni. Ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampea 24 kwenye volti 230. Ukiiunganisha kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, breka itaanguka kila ukioga, na hapo atakuja mtu kukuwekea breka kubwa zaidi "isisumbue". Breka haisumbui tena kweli, ila kinachochemka sasa ni waya ulio ndani ya ukuta.

"Wote wasio na leseni ni vishoka"

Siyo haki. Wapo vijana Kirumba na Igoma waliojifunza kazi kwa wajomba zao tangu utotoni, wanapiga plasta iliyonyooka kuliko ya kampuni. Wengi hawakupata ada ya chuo. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi, anajaziwa palipopungua, anapewa cheti. Ukiwa na fundi unayemthamini, mwambie aulize chuo cha VETA kilicho karibu, na kama unaweza, msaidie nauli. Kishoka ni yule anayejifanya ana ruhusa asiyo nayo.

"Fundi wa mtaani ni nafuu"

Kwa kazi ndogo ni nafuu sana, na umlipe vizuri. Kwa kazi inayofichwa nyuma ya plasta, hesabu inageuka, kwa sababu kurudia ni kubomoa kwanza. Nunua vifaa mwenyewe, au nenda naye dukani, na udai risiti.

"Ukuta wa kuzuia udongo ni mawe na saruji tu"

Kwenye miteremko yetu, kinachosukuma ukuta mvua ikinyesha ni udongo pamoja na maji uliyoyashika. Ukuta usio na matundu ya kutolea maji hujaa nyuma, unavimba, na siku moja unamwangukia jirani wa chini. Ukizidi kimo cha mtu, mtafute mhandisi na uulizie kibali halmashauri kabla ya kuchimba. Vivyo hivyo ukitaka kutoboa ukuta ili kuweka mlango: anayekuambia lenta, ile boriti ya juu ya mlango, haihitajiki, mlipe nauli yake arudi nyumbani.

"Tunafahamiana, maandishi ya nini?"

Makubaliano ya mdomo yana nguvu kisheria, ila kuyathibitisha ni shida. Karatasi moja inatosha: kazi gani, vifaa vya nani, bei, tarehe, saini mbili na shahidi. Lipa kwa awamu, na sehemu ya mwisho baada ya kujaribu kila kitu.

"Fundi wangu anaweza kurekebisha na mita"

Hawezi, awe na leseni au asiwe nayo. Mita ya LUKU na waya unaoifikia ni vya TANESCO, na dira ya maji ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Ukikuta lakiri imekatika, toa taarifa siku hiyohiyo kabla hujaulizwa wewe.