Je, sindano za Kichina zinaweza kumtuliza kichanga anayelia kila jioni?

Ikifika saa kumi na mbili jioni, upepo wa Dodoma ukishaanza kuleta vumbi barazani, mtoto wa jirani yangu hapa Nkuhungu alikuwa anaanza. Ngumi kakunja, miguu kaivuta tumboni, kilio mpaka saa tatu usiku. Alikuwa na wiki sita, ananyonya vizuri na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki. Mama mkwe alisema ni chango. Duka la dawa wakasema ni gesi. Kisha shangazi akapiga simu kutoka Dar: kuna mtaalamu wa sindano za Kichina, mpelekeni. Mama mtoto akaniuliza kama kweli zinasaidia.

Swali lake si la ajabu. Madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Shandong wanakuja Tanzania Bara tangu 1968, na akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba kwenye sehemu maalumu za mwili, si jambo geni kwetu. Kwa kichanga, sindano huingizwa milimita chache tu. Sehemu inayopendwa sana iko mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa mapokeo ya Kichina inafungua njia za nguvu ya uhai. Watafiti wa leo wanaoitetea husema inaigusa mishipa ya fahamu inayoongoza utumbo.

Nchi za Skandinavia zimelipima jambo hili kwa makini. Norway, 2013, watoto 90: waliochomwa na wasiochomwa hawakutofautiana kwa kiwango cha maana. Sweden, 2017, watoto 147: walioguswa na sindano mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili, walionekana kulia kidogo kuliko wenzao, na habari hiyo ikasambaa sana. Mwaka 2018 takwimu za watoto 307 kutoka tafiti tatu zikaunganishwa. Mwisho wa matibabu tofauti ilikuwa kama dakika 11 za kilio kwa siku. Kwa mtoto anayelia kwa muda wa saa tatu kwa siku, mzazi hawezi hata kuihisi. Tena sindano zenyewe ziliwaliza watoto. Watafiti hao wakashauri tiba hii isipendekezwe kwa ujumla.

Mbona basi kuna wazazi wanaoapa kwamba iliwasaidia? Hapa ndipo penye jibu lenyewe. Kilio hiki, ambacho hospitalini huitwa koliki, huanza wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe na kwa kawaida huisha kati ya miezi mitatu na minne. Mzazi hutafuta tiba lini? Akishachoka kabisa, yaani pale kileleni. Chochote atakachompa mtoto siku hiyo, sindano, maji ya gripu au majani ya bibi, wiki mbili baadaye kilio kitakuwa kimepungua. Sifa inakwenda kwa dawa. Ndiyo maana tafiti zile zililinganisha na watoto wasiochomwa: hata wao walikuwa wanatulia.

Kwa hiyo nilimwambia mama mtoto asimpeleke. Sindano isiyo safi kwa kichanga ni hatari ambayo dakika 11 haziilipi. Nikamwomba pia aache yale maji ya gripu, maana kabla ya miezi sita maziwa ya mama yanatosha. Amcheulishe kila baada ya kunyonya, ambebe, apunguze kelele na mwanga. Akihisi hasira inampanda, amlaze mtoto salama na atoke nje dakika chache, maana kumtikisa kichanga kunaweza kuumiza ubongo wake.

Ila si kila kilio ni koliki. Homa, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, kukataa kunyonya, kulegea, au utosi uliovimba: hapo ni hospitali usiku huohuo, bila kusubiri asubuhi.

Wiki zilizobaki tuligawana jioni. Saa moja nilikuwa naingia kwao, nampokea mtoto, namfunga kwa kanga kifuani na kuzunguka naye uani. Mama yake alikuwa anaoga, kisha anakula ugali wake ungali wa moto.