Askari farasi hakuinuliwa kwa winchi

Wengi huamini kwamba askari farasi wa Ulaya ya zama za kati alielemewa na chuma hata ikabidi ainuliwe kwa winchi ndipo akae juu ya farasi, na kwamba akianguka ndiyo basi, hainuki. Si kweli.

Deraya kamili ya vitani, yaani vazi la chuma la kujikinga, ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi. Askari wa miguu wa leo hubeba mzigo kama huo au zaidi, tena mwingi umemlemea mabegani. Uzito wa deraya uligawanywa mwili mzima. Ukitazama kiwiko chake utaona vipande vyembamba vimepishana kama magamba ya kakakuona, vimeshikwa kwa ribiti na mikanda ya ngozi, mkono ukakunjika vizuri tu.

Wasifu wa jemadari Mfaransa Boucicaut, ulioandikwa akiwa bado hai, unadai alipiga sarakasi akiwa amevaa deraya yote isipokuwa kofia. Huenda mwandishi alimpamba kidogo, lakini hakuandika kana kwamba kurukaruka ndani ya chuma ni jambo lisilowezekana.

Uvumi huu huenda ulichochewa na deraya za mashindano ya wapanda farasi kupigana kwa mikuki, ambazo kweli zilikuwa nzito mno, kwa kuwa mvaaji hakutarajiwa kukimbia. Vitani, shida kubwa ilikuwa joto na pumzi. Kwenye vita vya Agincourt, huko Ufaransa mwaka 1415, Wafaransa walitembea kwenye tope zito wakiwa wamefunga kofia zao za chuma hadi usoni, wakawafikia adui zao Waingereza wakihema.