Kuchora ua la bamia kabla halijasinyaa

Kila nikianza darasa jipya la kuchora mimea kwa mtandao swali la kwanza huwa la penseli, mwalimu tununue B ngapi, brashi namba ngapi, karatasi ya wapi. Mi nawajibu chukueni mkebe wa hesabu wa mtoto, mle ndani kuna rula na divaida (ile yenye ncha mbili za chuma), ongezeni penseli ya HB moja na ya 4B moja, ile laini na nyeusi zaidi, mwezi wa kwanza umetosha. Alafu tafuteni mbamia uliochanua, hata kama ni wa jirani, omba tu.

Nimechagua bamia kwa sababu ua lake halimsubiri mtu. Linafunguka asubuhi na mapema, mchana ukisogea linaanza kujikunja, kesho yake halipo tena. Kwahiyo una asubuhi moja, na hiyo asubuhi moja inakufundisha mpangilio wa kazi kuliko video yoyote nitakayorekodi: ua kwanza, rangi zake ziandike pembeni au uzijaribu hapohapo kwenye kipande cha karatasi, jani na shina utavirudia jioni maana vyenyewe vitakuwepo.

Mi mwenyewe nilijifunza kwa kozi ya mtandaoni, nikiwa Muheza, nikinunua bando la usiku ili nidownlodi masomo nije niyaangalie mchana. Kwenye rangi walinifundisha vizuri mno na nawashukuru mpaka leo, ila kila zoezi lilitoka kwenye picha, na nilichora picha miezi kadhaa nikiamini nimeshakuwa mchoraji. Siku nikampelekea mtaalamu mmoja wa mimea michoro yangu akaniuliza kitu kimoja tu, hizi petali (vile vipande vya rangi vya ua) zinalaliana vipi? Sikuwa na jibu. Kwenye picha ile sehemu ilikuwa gizani na mi nikajaza kivuli.

Sasa nenda kaliangalie ua la bamia vizuri. Petali ni 5, na kila moja upande wake mmoja umelala juu ya jirani wakati upande wa pili umefunikwa na jirani mwingine, hivyohivyo mpaka mzunguko unakamilika, yaani hakuna petali iliyo juu ya zote. Karibu kila mwanafunzi mgeni anachora moja ya mbele nzima nzima, zingine anazichomeka nyuma yake, na hapo ua linakuwa feki hata kama kivuli kimepakwa kwa ustadi wa ajabu. Uhalisia unaanzia kwenye kuhesabu na kupima, kivuli kinakuja baadaye sana. Shika divaida, pima upana wa ua, hamishia kwenye karatasi kwa ukubwa uleule, chora duara lililobonyea kama mdomo wa bakuli unavyoonekana ukiwa umekaa mezani, tafuta kitovu, ndipo petali zije, na mishipa ya kila petali ielekee kwenye hicho kitovu hata pale usipokiona.

Picha ya simu ipige, siikatazi, inasaidia kukumbuka. Lakini kamera ya simu ukiisogeza karibu inakuza kilicho mbele na kudogosha cha nyuma, na vivuli inavigeuza weusi mtupu, kwahiyo ukiifuata peke yake makosa yake yanakuwa ya kwako.

Kuna hili la rangi ya njano, nalo linawatesa wengi. Ua ni njano iliyopauka na katikati lina doa la zambarau iliyoiva, mtu akifika kwenye kivuli cha petali anachanganya njano na nyeusi anapata kitu cha kijani kama maji ya dimbwi. Usifanye hivyo. Changanya zambarau nyepesi sana yenye maji mengi, iwe kama kijivu, paka sehemu za kivuli kwanza, acha ikauke kabisa (hapa ndipo watu wanaharakisha), kisha pitisha njano juu yake. Kwa mtindo huu wa rangi za maji nyeupe huipaki, ni karatasi yenyewe unaiacha wazi pale mwanga unapopiga. Na mwanga uutoe juu kushoto, ndivyo wachoraji wengi wa mimea wanavyofanya, msomaji akitoka mchoro mmoja kwenda mwingine macho yake hayasumbuki.

Jani lenyewe lina vinyweleo, usivichore kimoja kimoja. Weka vichache pembezoni na juu ya mishipa, jicho litamalizia.

Mkinitumia kazi, pigeni picha karibu na dirisha bila flashi, simu iwe sambamba na karatasi, na mtume na ile karatasi ya kujaribia rangi maana kosa naliona humo kwanza.

Katikati ya ua mtaona stameni, zile nyuzi za kiume zenye chavua, zimeungana zikawa kama kibomba kinachozunguka kijiti cha sehemu ya kike ya ua. Kichoreni kwa utulivu, msikiruke, kwa sababu mkishakijua mtakitambua kwenye haibiskasi ya uani, kwenye pamba, hadi kwenye mbuyu, wote ni ukoo mmoja. Mwanafunzi wangu mmoja wa pwani alipomaliza bamia aliamua kuufuata mbuyu. Ua lake ni jeupe, linaning'inia kichwa chini na linafunguka jua likizama, wakati popo wanaanza kutoka, kwahiyo alikaa chini ya mti na tochi na kaka yake wa kumshikia mwavuli. Saa 5 usiku simu yangu ikaita meseji: petali 5 zimekunjuka kurudi nyuma, kile kibomba kinashuka katikati, na chini yake stameni zimetawanyika kama mpira wa nyuzi. Pembeni kaandika vipimo kwa milimita, na swali, mwalimu kivuli cha kitu cheupe usiku nakianzia wapi?