Heathrow: saa ya kutua ni mali ya nani?

Dhana: Uwanja wa ndege wa Heathrow, London, huuza nafasi za kutua na kupaa kwa shirika la ndege lenye pesa nyingi zaidi.

Ukweli: Heathrow ina njia 2 tu za kurukia, na kwa mwaka ndege haziruhusiwi kutua na kupaa zaidi ya mara 480,000. Anayegawa nafasi hizo si uwanja wala serikali, bali ni mratibu huru, ACL, naye haziuzi. Pesa huingia baadaye, kwa mlango wa nyuma. Mashirika yanaruhusiwa kubadilishana nafasi, na mwaka 1999 Mahakama Kuu jijini London ilikubali kwamba anayebadilishana anaweza kuongezewa fedha juu. Kwa hiyo kwenye makaratasi muuzaji hupewa nafasi ya ovyo ambayo hata haitumii, na malipo yake yanamfuata. Mwaka 2016 Kenya Airways, ikiwa imeelemewa na hasara, iliiachia Oman Air nafasi yake ya alfajiri kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 75. Hapo hakikuuzwa hata kiti kimoja. Iliuzwa saa. Kenya Airways yenyewe iliendelea kwenda London, ila kwa saa nyingine.

Dhana: Kila msimu mashirika yote huanza upya, sawa kwa sawa.

Ukweli: Wapi! Shirika lililotumia nafasi zake kwa angalau 80% hubaki nazo msimu kama huo mwaka unaofuata. Ndege ya kila Jumanne kwa wiki 30 ikiruka mara 24 tu, inatosha. Zinazoachwa ndizo huingia kapuni, na nusu ya kapu hutengewa kwanza mashirika mapya yanayoingia uwanjani. Sheria nzuri, lakini kapu la Heathrow halina kitu cha maana: British Airways peke yake imeshika takriban nusu ya nafasi zote. Mimi ningeuita mirathi, si mgawo.

Dhana: Ndege ikichelewa kwa ukungu, nafasi imepotea.

Ukweli: Hapana. Uwanja ukifungwa kwa hali ya hewa, shirika haliadhibiwi. Hofu ya kweli ni abiria kukosekana: mwanzoni mwa 2020, korona ilipoingia, baadhi ya mashirika ya Ulaya yalirusha ndege karibu tupu ili kulinda ile 80%, hadi sharti hilo liliposimamishwa mwezi Machi.